JOTO LA MCHANA NI AKIBA: TUSILIACHE LITOROKE USIKU

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Sumbawanga mwezi wa Juni, akiwa na chupa ya mafuta ya nazi mkobani mwake, huona jambo dogo ambalo labda hakulitazamia. Mafuta yale, yaliyokuwa majimaji alipotoka pwani, asubuhi yake ya kwanza Katandala huyakuta yameganda, meupe kama samli, hata hayamwagiki. Mwenyeji wake humcheka kidogo, huichukua chupa ile na kuiweka juani, na kabla ya adhuhuri mafuta yameyeyuka tena. Usiku huganda, kesho yake huyeyuka. Ndivyo yatakavyoendelea mpaka baridi iondoke.

Twawaomba ndugu wasomaji wasiidharau chupa ile. Ndani yake imo elimu ambayo wataalamu wa mataifa makubwa wameifanyia kazi kwa miaka mingi, wakitaka kupunguza gharama ya kupasha nyumba zao joto na kuzipoza. Nasi wa Tanzania, hasa sisi tunaokaa katika nchi za juu kama Ufipa, elimu hiyo yatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Leo twapenda kuieleza, na kusema wazi ni lipi tulifanye sasa, na ni lipi tulijaribu kwanza kabla ya kulinunua.

Jiko la mkaa chumbani

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maziwa hayo yako yapata mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800. Mtu apandaye kutoka bonde la Rukwa huiacha nchi ya jasho, na baada ya mwendo wa saa chache huingia katika nchi ya makoti. Mwezi wa Juni na wa Julai, upepo wa kusini-mashariki uvumapo juu ya uwanda ule usio na miti mingi, baridi ya alfajiri humfanya hata mzoefu kuvuta blanketi mara ya pili.

Tazama sasa nyumba ya mfanyakazi wa Katandala. Kuta zake ni za tofali, paa lake ni la bati. Nyingi hazina dari. Baina ya ukuta na bati kuna mwanya ambao upepo hupita utakavyo. Mchana bati hupata moto mpaka huwezi kuligusa. Jua likituama, bati lile lile hulitoa joto lake lote kwenda mbinguni, na katika usiku usio na mawingu hupoa hata kuishinda hewa yenyewe. Ndiyo maana alfajiri watu huona matone ya maji yakidondoka kutoka bati ingawa mvua haikunyesha. Joto la mchana kutwa limekwenda, na watoto wanatetemeka.

Hapo ndipo hatari iingiapo. Mama huliingiza chumbani jiko la mkaa, madirisha hufungwa, nguo hupachikwa katika nyufa za mlango. Mkaa ukiisha kuwaka vizuri hautoi moshi, kwa hiyo watu hudhani kwamba ni salama. Sivyo. Mkaa uwakao mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kushika mahali pa hewa tunayoihitaji. Mtu huona kichwa kizito, kisha usingizi. Na wapo waliolala usingizi huo wasiamke. Hatuna haja ya kuwataja. Kila nchi ya baridi katika Afrika Mashariki inayo makaburi ya namna hiyo, nayo huongezeka kila msimu wa baridi.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuweka akiba ya joto katika nyumba, hatuzungumzi anasa. Twazungumza uhai wa watoto, na fedha ya mfanyakazi inunuayo mkaa, na miti ya nchi yetu. Ufipa ni nchi ya majani zaidi kuliko miti. Misitu iliyobaki, kama ule wa milima ya Mbizi uliopakana na mji, inao wajibu wa kutunza maji na viumbe wake. Haiwezi kubeba pia mzigo wa kila gunia la mkaa na kila tanuru la kuchomea tofali.

Wengine watasema: umeme utatuponya. Umeme ni jambo jema, nasi twautaka ufike kila nyumba. Lakini watu wa Sumbawanga wanajua historia yao. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, ukategemea umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na mitambo ya dizeli. Na mwaka 2024, ukame mkubwa ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia yenyewe iliingia katika mgao mkali. Hita ya umeme ni chombo kilacho sana. Mfanyakazi akiweza kuipunguzia kazi kwa joto alilopewa bure na jua, amejisaidia mwenyewe na amelisaidia Taifa.

Akiba iliyojificha katika kuyeyuka

Turudi kwenye chupa ya nazi. Katika miaka ya 1760, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Glasgow huko Scotland, Joseph Black, aliwaonyesha wanafunzi wake jambo la ajabu. Barafu iyeyukapo huendelea kupokea joto, lakini kipimo cha joto hakipandi. Husimama pale pale kwenye sifuri mpaka kipande cha mwisho kimekwisha. Joto lile limekwenda wapi? Halikupotea. Limetumika kuivunja barafu iwe maji, nalo limejificha humo. Maji yale yakigandishwa tena, hulirudisha joto lote bila kupunguza.

Kadiri ya joto hilo si ndogo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kwataka joto karibu sawa na lile la kupasha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka digrii 0 hadi digrii 80. Kwa hiyo kitu kinachoyeyuka na kuganda ni ghala la joto: hulipokea kwa kuyeyuka na kulitoa kwa kuganda, na katika kazi yote hiyo hali yake ya joto haibadiliki ila kidogo sana.

Kila kitu kina digrii yake ya kuyeyuka. Barafu ni 0. Mafuta ya nazi ni kama 24. Nta ya nyuki ni zaidi ya 60. Ukitaka kitu kikutunzie joto la chumba, lazima kiyeyuke katika hali ambayo chumba hufikia mchana, na kigande katika hali ambayo chumba hushukia usiku. Nta ya nyuki, ingawa twaipata kwa wingi katika mikoa ya magharibi, haifai kwa ukuta wa Katandala, maana haitayeyuka kamwe. Itakaa kama jiwe mwaka mzima. Kitu kiyeyukacho kwa digrii 40 hali kadhalika. Kwa nchi ya Ufipa twataka kitu cha digrii 20 hivi au zaidi kidogo, ambacho jua la saa nane laweza kukiyeyusha, na baridi ya saa nne za usiku ikakigandisha. Kikiganda, hutoa joto lile chumbani polepole, wakati watu wamelala.

Bondeni Rukwa kazi hugeuka. Huko adui ni joto la mchana. Kitu kile hutakiwa kiyeyuke kwa kulinyonya joto la chumba mchana ili watu wapate nafuu, kisha usiku madirisha yafunguliwe ili hewa ya usiku ikigandishe tayari kwa kesho. Kama usiku hauna ubaridi wa kutosha, hakigandi, na kesho yake hakina kazi. Hivyo kifaa kilekile kilichomfaa mtu wa Sumbawanga huenda kisimfae jirani yake wa bondeni, ingawa wako katika mkoa mmoja. Tulishike sana neno hili, maana ndilo wafanyabiashara wasilopenda kulisema.

Nyumba ya Dover na somo lake

Wazo la kujenga nyumba ya namna hii si la jana. Mwaka 1948, katika mji wa Dover, jimbo la Massachusetts huko Marekani, wanawake watatu walijenga nyumba iliyotikisa fikra za watu. Maria Telkes, mtaalamu mzaliwa wa Hungaria, ndiye aliyebuni mtambo wa joto. Eleanor Raymond aliichora nyumba. Na Amelia Peabody alitoa fedha. Vioo virefu vya ghorofani vilipokea jua. Vipepeo vya umeme vikaisukuma hewa ya moto mpaka kwenye vyumba vidogo vilivyojazwa makopo ya chumvi, ile iitwayo chumvi ya Glauber, iyeyukayo kwa digrii 32 hivi. Mchana chumvi iliyeyuka. Usiku iliganda na kuipasha nyumba joto.

Majira mawili ya baridi nyumba ile iliendelea vizuri. Majira ya tatu ikashindwa. Chumvi ilikuwa imejitenga: sehemu moja ikazama chini, maji yakabaki juu, wala haikuweza tena kuganda kama awali. Makopo nayo yaliliwa na kutu, yakavuja. Watu wa nyumba ile wakalazimika kurudia moto wa kawaida.

Je, twaitaja nyumba hiyo ili tumcheke Bi Telkes? Hasha! Twaitaja kwa sababu hakuna elimu bora kuliko jaribio lililoandikwa kwa uaminifu, zuri lake na baya lake. Waliokuja baadaye walijifunza kuichanganya chumvi na vitu vya kuizuia isijitenge. Wengine wakaiacha chumvi, wakatumia nta za parafini zilizotengenezwa ziyeyuke kwa digrii maalumu. Wengine wakajaribu mafuta ya mimea. Katika miaka ya 2000 viwanda vya Ujerumani viliweza kuifungia nta hiyo katika vidonge vidogo kuliko punje ya unga, vikavichanganya katika mbao za jipsamu, zile zile ambazo mafundi wetu huzipigilia darini. Mtu akiitazama mbao hiyo haoni tofauti. Lakini ndani yake mna maelfu ya chupa ndogo zinazoganda na kuyeyuka kila siku.

Wala tusidhani kwamba mambo haya hayajafika kwetu. Katika zahanati za vijijini Afrika Mashariki mna majokofu ya chanjo yanayotumia jua pasipo betri. Mchana nguvu za jua hugandisha barafu ndani ya kuta za jokofu. Usiku, na siku za mawingu, barafu hiyo huyeyuka polepole na kuitunza chanjo baina ya digrii 2 na 8. Nchini Rwanda, madaktari wamejaribu godoro dogo la kumpasha mtoto mchanga joto. Ndani yake mna kitu kiyeyukacho karibu na joto la mwili wa mwanadamu. Hupashwa kwa maji yaliyochemka, kisha hukaa na joto la kumfaa mtoto kwa saa kadhaa, pasipo umeme. Aliyewahi kumwona mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake katika usiku wa baridi atajua thamani ya saa hizo.

Hesabu ya chumba kimoja

Lakini gazeti la wafanyakazi haliwezi kusifu kitu bila kukipigia hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Natupige hesabu ya chumba kimoja tu.

Chukua chumba cha Katandala chenye mita 3 kwa 3. Dari lake lina mita 9 za mraba. Tuseme katika kila mita ya mraba tumetia kilo 3 za nta ya namna ile. Jumla ni kilo 27. Kilo moja ya nta iliyofungwa hivyo huweza kutunza kama kilojuli 170 iyeyukapo, yaani kiasi ambacho tofali lenye uzito wa kilo 40 lingelitunza likipanda joto digrii 5. Kilo 27 zitatunza kilojuli 4,600 hivi. Kwa lugha nyepesi, ni sawa na hita ya wati 1,000 iliyowashwa kwa saa moja na robo. Ukiligawanya joto hilo kwa saa 10 za usiku, utapata karibu joto la miili ya watu wawili waliolala.

Si haba. Chumba kilichofungwa vizuri, chenye watu wawili, kitakuwa kana kwamba kina watu wanne. Lakini katika chumba chenye mwanya chini ya bati, akiba hiyo itamalizwa na upepo kabla ya jogoo wa kwanza. Kuweka nta ya Ulaya katika nyumba isiyo na dari ni kuteka maji kwa tenga.

Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Chukua ukuta mmoja wa tofali za udongo, urefu mita 3, kimo mita 2 na nusu, unene sentimita 30. Uzito wake wafika kilo 3,600. Ukuta huo ukipanda joto kwa digrii 2 tu mchana, umekwisha kutunza kilojuli 6,000 na ushei. Yaani ukuta mmoja mnene wa udongo una akiba kubwa kuliko dari zima la nta, na malighafi yake yako chini ya miguu yetu.

Jambo hili halitupasi kutushangaza sisi, watu wa nchi hii. Wafipa wa zamani walikuwa mabingwa wa joto. Walijenga malungu, yale matanuru marefu ya udongo yaliyompita mtu kimo, wakayeyusha mawe ya chuma pasipo mivukuto, kwa nguvu ya hewa iliyojipandia yenyewe ndani ya tanuru. Kazi ile isingaliwezekana kama ukuta wa udongo usingaliweza kulishika joto. Wajukuu wa mafundi wale wasiaibike kujenga kwa udongo, wala wasikubali kuambiwa kwamba nyumba ya kisasa ni ile yenye ukuta mwembamba na bati tupu.

Basi nta na chumvi zina kazi gani? Zina kazi mahali ambapo uzito hauwezi kuwekwa. Huwezi kupandisha tani tatu za udongo darini. Huwezi kuijengea ukuta wa sentimita 30 wodi iliyokwisha kujengwa, wala darasa la mbao, wala ghorofa ya tatu. Huko ndiko dari la kilo chache linapoweza kufanya kazi ya ukuta mzito. Kila chombo na mahali pake: udongo chini, nta juu, udongo kwa nyumba mpya, nta kwa nyumba iliyokwisha kusimama.

Jua la Ufipa halijatumika

Mwenyezi Mungu ameipa Ufipa neema moja ambayo nchi nyingi za baridi hazina. Ulaya, baridi ijapo jua hutoweka. Mbingu hujaa mawingu na mchana huwa mfupi. Kwetu miezi ya baridi ndiyo miezi ya kiangazi. Juni na Julai mvua hakuna, mbingu ni nyeupe, na jua la mchana huwaka sawasawa. Usiku unaohitaji joto hutanguliwa na mchana wenye joto la kuweka. Kilichokosekana ni ghala tu.

Tena tujue jua linapita wapi. Sumbawanga iko kusini mwa Ikweta kwa digrii 8 hivi. Kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri halipiti juu ya utosi. Huegemea kaskazini kwa digrii 31. Ukuta na dirisha vilivyoelekea kaskazini hupokea jua wakati ule ule wa baridi. Mwezi wa Desemba jua huegemea kusini, na ukuta ule ule huwa kivulini mwa paa. Upepo wa baridi nao hutoka kusini-mashariki. Fundi mwashi akilijua hilo, aweza kuigeuza nyumba kabla hajachimba msingi, na mgeuzo huo hauna gharama ya hata shilingi moja. Nyumba ngapi za Katandala zimewekwa uso kwa kuifuata barabara tu, bila kulitazama jua?

Yatupasayo

Twaona basi kwamba kazi ziko nne, nazo zifuatane kwa taratibu.

Kwanza, tuzibe mahali panapovuja. Nyumba iwe na dari, hata kama ni la matete yaliyosukwa na kukandikwa udongo. Mwanya wa chini ya bati uzibwe. Dirisha liwe na ubao wa kulifunga jua lituapo. Na jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala, bila udhuru, maana nyumba iliyozibwa vizuri ndiyo ambayo sumu ya mkaa huua upesi zaidi. Mtu asilifanye la kwanza akaliacha la pili.

Pili, tujenge kuta nene, na tuzielekeze kaskazini. Wala si lazima tofali lichomwe ndipo lishike joto. Tofali bichi, na tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, hutunza joto kama lile la tanuru. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyaeneza kwa muda mrefu matofali ya kufungamana yasiyotaka kuni. Kila tanuru lisilowashwa ni miti iliyobaki imesimama.

Tatu, majaribio ya vifaa vipya yaanzie katika nyumba za umma. Tuchague wodi moja ya wazazi na bweni moja la wanafunzi katika nchi za baridi. Vyumba viwili vinavyofanana viwekwe: kimoja na dari la kawaida, kimoja na dari lenye akiba ya joto. Vipimo viandikwe saa baada ya saa kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, na matokeo yake yatangazwe kwa Kiswahili, mazuri na mabaya. Mbeya, jirani zetu, wana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. SIDO ina mafundi wa viwanda vidogo. Hao waichunguze pia nazi yetu na mawese yetu, kama vyaweza siku moja kutengenezwa hapa hapa nchini, tusije tukaacha utumwa wa mkaa tukaingia utumwa wa kuagiza nta ng'ambo.

Nne, atakapokuja mwuzaji na kifaa chake, tumwulize maswali manne, naye asiyeweza kuyajibu arudi na mzigo wake. Chayeyuka kwa digrii ngapi? Kimejaribiwa kuyeyuka na kuganda mara ngapi? Chashika moto, maana nta ya parafini huwaka? Na kimefungiwa katika nini, maana chumvi hula chuma? Mtu aliyelipa kwa jasho lake ana haki ya kujibiwa. Nyumba ya Dover ilishindwa baada ya majira matatu. Nyumba ya mfanyakazi yatakiwa iwafae na wanawe.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema. Lakini katika nchi za baridi jiko halikuwa la kupikia tu. Lilikuwa pia blanketi la nyumba. Mama wa Katandala akipewa mtungi wa gesi, chakula kitapikwa. Ila usiku ukiingia bado atakuwa na watoto wanaotetemeka, na mkono wake utautafuta mkaa. Atakayempa mtungi na asimpe dari amefanya nusu ya kazi. Twasema mipango ya nishati na mipango ya nyumba ikae meza moja.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakifikiria mtama na ulezi, lakini neno lao lafaa na hapa. Kila siku ya kiangazi jua huileta mali yake mpaka mlangoni, nasi huiacha iondoke jioni, kisha tukaenda sokoni kununua badala yake kwa fedha. Mkulima aliyeiacha nafaka shambani kwa kukosa ghala tungemwita mzembe. Haya, sisi tujiite nani?

Asubuhi ya Juni, ndugu, ukiikuta chupa ya mafuta imeganda, usiikasirikie. Jana ililipokea joto la jua, na usiku kucha imekuwa ikilitoa kidogo kidogo ndani ya chumba chako. Imefanya kwa uchache kile ambacho nyumba nzima ingepaswa kufanya.